Damu ya Wifi Niliyoiacha Ikayeyuka

Mimi si mchawi. Naanzia hapo, maana huku Kariakoo wapo wanaovuka barabara wakiniona. Wifi yangu sikumroga. Nilichomfanya ni kingine, na nimekaa nacho miaka yote hii kinanikereketa kama mwiba wa samaki kooni.

Shule sikwenda. Anayeandika haya ni binti wa mpangaji wangu, nimemwambia aandike ninavyosema, asininyooshe. Langu jina asiweke, na ya wenzangu tumeyabadilisha. Wenye kujua watajua tu, mji wenyewe huu!

Kosa ni langu. Si la daktari, si la mgao wa umeme. Mimi na huu mdomo wangu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, mali zinamiminika kutoka Dubai, hata aliyekuwa karani jana leo anauza redio. Marehemu mume wangu akaninunulia friza, lile la kulala, ukitaka kitu cha chini unainama mpaka miguu inaning'inia. Nikaanza kuuza barafu. Za ukwaju, za ubuyu, na mabonge ya maji matupu kwa wenye kutaka kupooza juisi zao.

Tulikaa nyumba ya urithi, mimi na wifi yangu, dada wa marehemu. Tumwite Zuhura. Chumba chake na changu vinatazamana, ukumbi katikati. Mnajua utani wa mawifi. Yeye akiniita mke wa mkopo, mimi namwita dada wa hasara. Tukianza asubuhi, wapangaji wanatoka na viti.

Zuhura alikuwa anauza viungo sokoni, kule chini shimoni. Pua yake ilikuwa mzani. Unamwambia una wageni, unapika pilau ya kuku, anachota hiki, anachota kile, hapimi, na ukienda kupika hutaongeza hata chumvi.

Mume wangu alipofariki, haukupita muda mrefu, Zuhura akaanza kupotea. Kidogo kidogo. Mtu anataka binzari nyembamba anapewa mdalasini. Jiko linawaka, juu hakuna sufuria. Siku moja akaletwa nyumbani na muuza maji, kamkuta Mnazi Mmoja amekaa chini, anasubiri mtu amwambie kwao wapi. Mnazi Mmoja! Mtu aliyezaliwa Kariakoo!

Mimi nilifanya nini? Nilimwigiza. Nilikuwa naingia ukumbini nimejifunga kanga kama yake, nazubaa, nauliza wapangaji, "Jamani, hivi mimi nimeshakula?" Wanacheka mpaka wanashika mbavu. Na Zuhura naye anacheka, masikini, hajui anachekwa nani.

Ana mtoto mmoja, tumwite Sefu. Mimi ni mkaza mjomba wake, ila ananiita mama. Alikuwa ndio amefungua duka la mashuka, anatembea anachezesha funguo. Yeye alisema mama yake anadeka. Sauti yake nzito, kama anaongea ndani ya mtungi: "Mama anataka nikae nyumbani, hataki niende safari." Siku nyingine anasema mama amechezewa na mtu. Akisema hivyo ananitazama mimi, halafu anatazama dari la nyumba. Nikamwelewa. Nyumba ya urithi, mume kafa, wifi ndiye kabaki. Nani mwingine wa kumsingizia?

Basi ndipo akaja yule daktari. Binti wa Kihindi, kwao wana duka la vitambaa, kazaliwa hapahapa, kasoma nje akarudi. Wanaosema Wahindi hawajui Kiswahili hawajamsikia huyu. Anakuamkia shikamoo mpaka unatafuta pa kuitikia. Na kila neno lazima litanguliwe na naomba. Naomba mama unyooshe mkono. Naomba mama ukunje ngumi. Nilimshika sauti siku ya kwanza tu.

Alikuwa anachunguza wazee wanaosahau. Alituambia upo ugonjwa unaokula ubongo polepole, jina lake Alizaima, au mimi ndivyo ninavyolitamka. Si pepo, si uchawi, wala si kudeka. Akamwuliza Zuhura maswali marefu, akamwambia achore saa, Zuhura akachora sufuria. Akamtoa damu. Akasema damu hiyo itapelekwa nje kupimwa, kuna vitu ndani yake vinavyoongezeka au kupungua ubongo ukiwa unaliwa. Akasema damu peke yake haikati neno, lakini ikikaa pamoja na yale maswali, ataweza kumkalisha Sefu na kumwambia kwa uhakika: mama yako anaumwa.

Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka mimi. Sefu aambiwe na mtu aliyesoma kwamba mama yake anaumwa, amtunze, na mimi aache kunishuku. Yaani hakuna mtu mji mzima aliyeihitaji ile damu kuliko mimi na Zuhura. Kumbukeni hilo.

Mwezi wa Ramadhani, mgao wa umeme umekaza. Daktari akaja kwangu anatweta, kabeba chombo cha barafu. Jenereta la kliniki yake limekufa, friza lake linaanza kulia machozi. Kasikia friza langu limejaa barafu mpaka mfunikoni, na friza lililojaa, umeme ukikatika, linashika baridi siku nzima. Akaniomba nimwekee kopo moja mpaka mgeni wake aje na sanduku lenye ile barafu inayotoa moshi, lipelekwe uwanja wa ndege.

Lilikuwa kopo la plastiki la kuona ndani, limezungushwa plasta. Ndani vichupa vimesimama, vidogo kama kidole cha mtoto. Si damu nyekundu. Alishaizungusha kwenye mashine, nyekundu ikakaa chini, akachukua yale maji ya juu, ya manjano kama samli, akayagandisha. Ya Zuhura ilikuwamo, na ya wazee wengine wa mitaa ya karibu.

Akanielekeza taratibu. Nisilitoe. Nisifungue mfuniko ovyo. Ikiyeyuka, hata ikigandishwa tena, vile vitu vya kupimwa vinakuwa vimekatika vipande, na kipimo kitadanganya. Halafu akanishika mkono.

"Naomba mama, likitokea lolote niambie tu. Sitakasirika. Nitatoa damu nyingine."

Nikamwambia mwanangu, barafu ndiyo kazi yangu, mimi unanifundisha kugandisha? Akacheka, akaenda.

Sasa sikilizeni ujinga.

Kesho yake alasiri, foleni ya barafu imefika barabarani. Mwezi mtukufu kila mtu anataka bonge lake la kufuturia. Mimi nina swaumu, kichwa chepesi, na watu wengi mbele yangu. Mimi nikiona watu wengi nawashwa. Mama Chausiku, jirani wa nyumba ya tatu, akachungulia ndani ya friza akauliza kile kikopo nini, nauza dawa siku hizi?

Ningesema dawa yakaisha. Nikajishika kiuno, nikalegeza sauti, nikawa daktari: "Naomba mama usiguse, hiyo ni damu ya Bi Zuhura, imepumzika na ukwaju!"

Wakacheka. Nikaongeza. Nikamwiga Zuhura anaitafuta damu yake uvunguni, anamwuliza paka. Wakacheka tena, watu wa nyuma wanauliza kasemaje, kasemaje.

Halafu Mama Chausiku akaacha kucheka. Yule mama akiacha kucheka uso unaingia ndani kama kobe. Akauliza kama ni damu kweli. Damu ya mtu? Pamoja na barafu za kufuturu? Akalirudisha bonge lake juu ya mfuniko, akafuta mikono kwenye kanga. "Hii najisi, dada. Umetulisha najisi mwezi mtukufu."

Foleni ikarudi nyuma hatua. Wa pili akarudisha lake. Wa tatu. Mmoja akaanza kuhesabu tangu lini ananunua kwangu.

Jamani, nilipagawa! Nikaapa kopo limeingia jana tu, nikaapa halijagusa kitu. Nikalitoa pale pale, mbele ya macho yao, nikaenda kuliweka uani, juu ya karo, penye kivuli cha ukuta. Nikamwaga maji kwenye friza, nikafuta, nikamwaga tena, nikafuta, nikamwaga mara ya tatu kama naosha chombo alicholamba mbwa. Barafu zote za juu nikazimwaga mtaroni waone. Ndio wakarudi, mmoja mmoja, wakinunua zile za chini kabisa. Nikauza, nikaongea, nikaapa, nikauza.

Kopo nikalisahau. Mimi niliyekuwa namwiga anayesahau.

Kivuli kikahama. Adhana ya magharibi imetoka, nimetia tende mdomoni, ndipo likanijia. Nikaacha futari, nikakimbia uani. Kopo la moto kama kikombe cha chai. Nikalitikisa. Vichupa vyote vinacheza, maji matupu.

Nililirudisha kwenye friza. Nikalizika chini kabisa, nikarundika mabonge juu yake kama naficha maiti. Usingizi haukuja. Nikilala nakaa, nikikaa nasimama, naenda kufungua mfuniko, nakumbuka nisifungue ovyo, nafunga.

Asubuhi vilikuwa vimeganda. Mtu asiyejua angesema havijawahi kutoka humo. Ila mimi ni muuza barafu. Barafu ya ukwaju ikiyeyuka ikaganda tena polepole, utaijua: utamu na rangi vinashuka chini, juu panabaki maji meupe. Nikavitazama vile vichupa kwenye mwanga wa dirisha. Chini manjano imekoza, juu imefifia.

Daktari akaja na mgeni wake na lile sanduku la moshi. Kafurahi, kavaa gauni zuri, kama anapeleka posa. Akalipokea kopo kwa mikono miwili, akaniuliza kama halikuyeyuka.

Hapo ndipo. Nikiota mpaka leo naota hapo. Nilijua nikisema, atatoa damu nyingine, na damu nyingine itarudi friza hilihili, na Mama Chausiku yuko dirishani kwake anatazama. Wateja wangu watahama wote. Na aibu nayo, mimi niliyejitapa barafu ndiyo kazi yangu.

"Halikuyeyuka, mwanangu. Limelala humo kama mtoto."

Akanibusu mkono!

Baadaye nikamwuliza maalim wa msikitini, kwa kuzunguka, eti kama kuna damu imezibwa ndani ya chupa, na chupa imo ndani ya kopo, na kopo limefungwa plasta. Akaniambia mama, kilichozibwa hakijagusa kitu, barafu zako zilikuwa safi. Akashangaa kwa nini nalia. Swali dogo hivyo, ningeliuliza siku ileile ya foleni tu!

Majibu yalichukua muda mrefu. Idi ikaja, ikapita. Siku yalipofika, daktari aliingia hana hata naomba. Tukakaa ukumbini, mimi, Sefu, na Zuhura amekaa anafunua na kufunika kibati cha iliki. Daktari akasema vipimo havieleweki. Ya Zuhura haionyeshi ugonjwa, na ya wazee wote wa kopo lile imekaa vibaya, kama imechoka. Akasema kosa huenda ni lake yeye. Labda alichelewa kuizungusha, labda vichupa. Wenzake wa nje wamemwandikia maneno makali, hawataki tena damu kutoka kwake. Akamwomba Sefu msamaha. Akaniomba na mimi msamaha, kwa kunisumbua na friza langu.

Nami nikasema haidhuru, mwanangu.

Nilisema hivyo. Haidhuru!

Alitaka kumtoa Zuhura damu upya, ajaribu pengine. Sefu akasimama. Akasema mama yake hatatobolewa tena. Kama damu inasema haumwi, basi haumwi. Basi ni mkono wa mtu. Hakunitazama hata. Nilitamani anitazame.

Wiki ileile akamhamisha. Akampangishia chumba Kigamboni, jirani na mganga mmoja wa huko, mimi nikakatazwa kwenda. Nilienda hata hivyo. Nikipanda pantoni Magogoni nageuza ushungi nisijulikane. Mara ya kwanza nilimkuta amefunikwa shuka zito, chini yake chetezo, wanamfukiza. Anakohoa, anauliza viungo vyake viko wapi, nani kaunguza viungo vyake. Sefu amemshika mabega asitoke. Na analia, Sefu. Msidhani alikuwa mkatili. Alikuwa anamponya mama yake.

Kule kila kitu kigeni. Kwetu alikuwa anasahau maneno, lakini miguu ilikuwa inajua choo kilipo, mkono unajua kitasa cha mlango. Kigamboni hata miguu ikasahau. Mara ya mwisho nilimchokoza makusudi. Nikamwita dada wa hasara, nikangoja. Akanitazama kwa adabu kama unavyomtazama mgeni aliyekosea nyumba. Akaniambia shikamoo. Wifi yangu, mkubwa wangu, kaniamkia shikamoo.

Alikufa mwaka uliofuata. Matangani nilikaa na wanawake wa nje, karibu na sufuria, kwa sababu ndani niliambiwa pamejaa.

Baada ya arobaini nikaenda kwa daktari. Nikamwambia yote, kopo, karo, kivuli. Sikumwiga mtu. Alizungusha kalamu mezani. Nikamwambia anitukane, nitapona.

"Mama," akasema, "asubuhi ile nilipokuja kuchukua kopo nilikuwa na sindano kwenye mkoba. Bi Zuhura alikuwa amekaa pale mlangoni."

Basi. Hakusema zaidi. Kumtoa Zuhura damu nyingine kungemchukua muda wa kufunga kamba ya kiatu. Akaniambia niende kwa Sefu nikamweleze, na kama naogopa atanisindikiza. Nikamwambia nitaenda kesho. Mwaka ule hakuninyima salamu, ila naomba zake hakunipa tena. Halafu akahama nchi.

Na mimi kesho yangu haikufika. Nilijipa sababu nzuri. Nilijiambia, Sefu akijua mama yake alikuwa mgonjwa kweli, atajua na yeye alimfukiza mgonjwa. Bora anione mimi mchawi. Nikajiona nimembebea mzigo. Nimemwonea huruma! Uongo uleule, nimeuvisha nguo nyingine tu. Nilikuwa naogopa.

Sasa kwa nini nasema leo? Kwa sababu juzi mpangaji wangu alienda kununua shuka kwa Sefu, akarudi anacheka. Sefu kamfungia shuka, kapokea hela, halafu kamwuliza, "Karibu dada, unataka shuka?" Mpangaji ananiigizia, mzuri kweli, kanipita hata mimi. Sikucheka. Sefu sasa ni mtu mzima, ndevu nyeupe.

Jana mke wake akaja kwangu. Miaka yote hajawahi kukanyaga mlango huu. Hakukaa. Alisimama ukumbini, pale pale pa Zuhura, mikono ameikunja, akaniambia hakuja kwa shari. Mume wake anapotea njia ya dukani. Wamekwenda kwa waganga mpaka wamechoka. Watoto wanataka apelekwe hospitali, siku hizi damu inapimwa hapahapa na majibu yanakuja, lakini yeye hataki, anasema hakuna cha hospitali, hiki ndicho kilichomchukua mama, na damu ya mama ilishapimwa ikaonekana safi.

Halafu akapiga magoti. Mtoto wa watu akanipigia magoti.

"Mama, tumekukosea nini? Mwachie mume wangu."

Na mimi huyu, mwenye jibu la kila mtu, nimesimama mdomo wazi. Akainuka akaenda. Tangu jana nazunguka chumba hiki kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nafungua friza, nafunga. Natoka mlangoni, narudi.

Nyie mnaosoma, ukikabidhiwa kitu cha mgonjwa, damu, mkojo, chochote, ukakiharibu, sema. Sema papo hapo, hata kama foleni nzima inakusikia. Aliyekuamini atakasirika siku moja tu, kisha atachukua kingine. Ukinyamaza, kilichoharibika kinapimwa hivyo hivyo, majibu yanatoka, na watu wanayaamini! Wanaishi nayo, wanahamisha wazazi kwa hayo, wanakataa dawa kwa hayo. Na usimcheke anayesahau. Hilo nalo nawaambia.

Binti hapa ananiuliza tumalizieje. Namwambia acha hapohapo. Saa hizi duka la Sefu liko wazi, na akili zake za asubuhi bado ziko sawa, mkewe kasema jioni ndio mbaya. Baibui nimevaa. Nikikaa zaidi nitapata la kuchekesha.